Shemeji Moja kwa Moja Baharini

Shemeji yangu aliitwa Moja kwa Moja, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na abiria. Basi lake lilikuwa limeandikwa hivyo kwenye kioo cha mbele, naye aliyaamini maandishi yale kuliko mtu yeyote. Ukibanwa na haja njiani, ulijikaza. Ukimlilia akusimamishie kidogo tu, alikuonyesha kioo kwa kidole, kana kwamba walioandika ni serikali, si yeye na kopo lake la rangi.

Lakini huko mwisho wa safari ndiko alikokuwa na donda lake. Stendi yake ya mwisho ilikuwa bandarini. Abiria walishuka, wakabeba mizigo yao, wakapanda meli wakaenda zao visiwani, na yeye akageuza gari. Miaka nenda miaka rudi, watu wanaendelea, yeye anageuza. "Shemeji," aliniambia siku moja, "nimewafikisha watu wote wa mji huu. Nafsi yangu sijaifikisha popote." Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyeshiba.

Kumbe mwenzangu hatanii. Alipoacha kazi alinunua mashua kuukuu ya tanga, yenye chumba kimoja chini na paa fupi ambalo lilinigonga utosi kila nilipoamka. Mzee aliyemuuzia alimfundisha kuiendesha kwa majuma machache, akamsifu kwamba anashika upesi. Muuzaji gani husema vinginevyo? Nia ya Shemeji ilikuwa kupeleka familia nzima, kisiwa baada ya kisiwa, mpaka kile cha mwisho kabisa, alikoolewa binti yao mkubwa. Safari ya miezi, si ya siku.

Dada yangu alikataa. Akabembelezwa, akakataa tena. Mwishowe alikubali kwa sharti moja, na shahidi akawa mama mkwe wake.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini siku nitakayosema basi, tunageuza. Hakuna kuniuliza kwa nini, hakuna tungoje kesho. Tunageuza, mashua inauzwa, na wewe unarudi kwenye usukani wa gari."

Shemeji akakubali upesi, wakapeana mikono. Mdomo huponza kichwa. Tulikuwa watu wazima wanne sebuleni, wote na akili zetu, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba wamechagua neno ambalo sisi hatumalizi salamu bila kulitumia. Haya basi. Njoo basi. Basi kesho. Wangeweza kuchagua "ngamia", mtu akakaa baharini mwaka mzima asilitaje. Wakachagua "basi".

Mimi nilichukuliwa kwa sababu Dada alisema haendi kufa maji bila mtu wa damu yake. Nashukuru kwa heshima hiyo. Mimi ni msusi, kazi yangu ni vichwa vya watu, na baharini nilivikuta vitatu tu vya kusuka: cha Dada, cha mama mkwe wake ambacho hakina nywele za kusumbua, na cha kitinda mimba wao, mtoto wa kike wa miaka minne asiyetulia.

Shemeji aliendesha mashua kama alivyoendesha gari. Alikuwa ameomba kioo cha pembeni cha basi lake la zamani, akakifunga karibu na usukani, na kila mara kabla ya kuondoka alikitazama aone kama nyuma kuna anayetaka kupita. Honi nayo alikuja nayo, ile ya mpira ya kubinya. Na kwa kuwa upepo humeza maneno, aliye nyuma hasikiki kwa aliye mbele, alituletea sheria ya makondakta: gonga ubao mara moja, simama, gonga mara mbili, twende. Kwenye mashua "simama" maana yake ilikuwa tupa nanga. Amri nyingine hazikufika vizuri hivyo. Siku ya kwanza alinipigia kelele, "Kulia! Kulia!" nami nikawa nahangaika na usukani nisijue kulia kwangu au kulia kwake. Mtoto ndiye aliyetii, akaangua kilio.

Tatizo kubwa lakini lilikuwa lile neno. Shemeji aliliogopa kuliko mawimbi. Dada akifungua mdomo tu akasema "Ba...", Shemeji alimrukia na neno lolote lililokuwa karibu.

"Ba..."

"Bakuli! Shemeji, mpe dada yako bakuli!"

Nampa bakuli. Dada amekaa nalo mkononi, ananitazama. Baada ya muda, tena, "Ba..."

"Barafu? Mke wangu, barafu tutaitoa wapi huku?"

Ilifika mahali Dada hawezi kuniambia nisogee bila kupewa bakuli. Mwenyewe alikuwa akijikaza. Alichafukwa tumbo kila bahari ilipochafuka, akatapika hadi macho yakawa mekundu, lakini neno hakulitoa. Nilimwuliza kwa nini asiseme tu twende zetu nyumbani. Akanijibu, "Siku nikilisema, nitalisema kwa kutaka. Silipotezi kwa kuteleza ulimi kama mlevi."

Aliyetaka liteleze ni mama mkwe wake. Yule mama alikuwa na jambo moja tu moyoni: kitanda chake, ambacho alikiacha nyumbani na ambacho hakikuyumba. Kwa kuwa yeye ndiye shahidi, alijifanya mtegaji pia. Alimmiminia Dada chai polepole, macho yakimwangalia mdomoni, "Nikuongeze, mkwe wangu? Nikuongeze? Bado?" akingoja lile "basi mama, imetosha". Kikombe kikajaa, chai ikamwagika kwenye kisahani, kisha kwenye vidole vya Dada. Dada akasema, "Nimetosheka, mama," huku akipuliza vidole. Mama akaweka birika chini kwa hasira.

Siku moja mtoto alianguka akachubuka goti, akalia kilio cha kutaka kusikika bara. Dada akampakata, akaanza kumpigapiga mgongoni kama sisi sote tulivyopigwapigwa, na tayari midomo ilikuwa imeshikana kwa ile herufi ya kwanza. Shemeji akaganda na kamba mkononi. Mama mkwe akainua shingo. Dada akameza mate, akasema, "Tosha, tosha, mwanangu. Tosha." Mtoto akanyamaza kwa mshangao, akamtazama mamaye, akalia upya na zaidi. Sijawahi kuona mtoto anabembelezwa kwa neno la dukani namna ile. Siku hiyo nilimkasirikia Shemeji kweli, yeye na ndoto yake.

Ili kumtuliza mtoto, Shemeji alimtengenezea bembea. Alichukua ncha ya kamba ya nanga, akaifungua pale ilipofungwa kwenye mashua, akaipitisha juu kwenye mlingoti na kuifunga kibao cha kukalia. Ncha ya pili ikabaki na nanga yake. Mtoto akabembea, akacheka, baba akachekelea, na kamba haikurudishwa mahali pake. Kumbukeni hilo, maana yeye alisahau.

Kesho yake mchana tulikuwa tunaingia kwenye kisiwa kidogo kutafuta maji ya kunywa. Maji ya bahari yalikuwa yanakupwa na mbele palikuwa na mafungu ya mchanga. Shemeji alisimama mbele, nanga mkononi. Mimi nilikuwa nyuma kwenye usukani. Makubaliano: tukishayapita mafungu na kufika penye kina, nigonge ubao mara moja, atupe nanga.

Chini, chumbani, mama mkwe alimwona mende. Akavua kandambili, akampiga. Kishindo kimoja, kizuri, cha kondakta aliyekomaa.

Shemeji akatupa nanga. Kamba ikaifuata ikipiga mluzi, ikamalizika, na kibao cha bembea kikapaa hadi kileleni mwa mlingoti, kikatupungia, kikaingia baharini nacho. Tukabaki bila nanga, bila kamba na bila bembea, upepo wote tanga likiwa nao. Shemeji akaja mbio akipiga kelele, "Shusha! Shusha!" akimaanisha tanga. Kule chini mama mkwe akasikia neno alilolingoja tangu tuondoke. Akatokea juu na mkoba wake begani, viatu miguuni, tayari kushuka. Akasimama katikati ya njia ya Shemeji, na walipomaliza kupishana, mashua ilikuwa imeshapanda fungu la mchanga.

Maji yakaendelea kupwa. Mashua ikalala ubavu taratibu, na sisi nayo. Sufuria zikahamia upande mmoja, mtoto akateleza kutoka ukuta hadi ukuta akiomba tena. Punde tukawa juu ya nchi kavu. Akina mama wa kisiwani waliokuwa wakiokota kombe walipita pembeni yetu kwa miguu, ndoo kichwani. Mmoja akasimama, akatuangalia tulivyoinama.

"Habari za mchana? Mmeegesha?"

"Tumeegesha, mama," nikajibu. Ningesema nini?

Hilo ndilo lililommaliza Shemeji. Katika miaka yake yote hakuwahi kuingiza gari mtaroni, hata matope ya masika hayakumweza. Alishuka akazunguka upande wa chini wa mashua, akakaa mchangani, na kwanza nilidhani anakagua mbao. Kisha nikamwona mabega. Shemeji yangu Moja kwa Moja alikuwa analia, tena kwa sauti, kamasi na machozi pamoja.

Mama yake alimchungulia kutoka juu. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," alisema. "Huyu nilimdekeza."

"Mke wangu!" Shemeji aliita bila kuinua kichwa. "Liseme. Lile neno, liseme tu tuyamalize. Nanga sina, watu wananicheka, nyinyi nimewatesa bure. Mimi mwenyewe mdomo wangu haujui kusema tugeuze. Nisemee wewe."

Dada alikuwa anatwanga kitunguu saumu, kinu amekikumbatia kisimteleze. Alishuka na mchi mkononi. Mimi nikamfuata upesi, maana mchi ni mchi na mume ni mume, na safari ile ilikuwa imemchosha. Akamfikia. Akauweka mchi chini. Akakaa kwenye mchanga uliolowa na nguo yake nzuri, akamwekea mkono mgongoni.

"Basi," akasema.

Mimi, niliyekuwa namsengenya Shemeji kila siku, niliyeota saluni yangu na kiti kisichoyumba, nilisimama pale nikawa sitaki mtu yeyote atugeuze.

"Nimeisikia!" mama mkwe akapiga kelele juu. "Shahidi nimeisikia! Basi imesemwa!" Nikasikia anakunja mkeka.

"Basi," Dada akarudia, akimpigapiga mgongoni polepole. "Basi, basi. Nyamaza, baba. Nyamaza." Ilikuwa sauti ya mama yetu sisi, ile ya magoti yaliyochubuka, nilikuwa sijaisikia miaka mingi. Mtoto akaja akitambaa chini ya mashua, akakaa upande wa pili, akaanza naye kumpiga baba yake mgongoni. "Basi, baba. Basi."

"Mkwe wangu," mama akasema, kichwa kikining'inia ukingoni, "ahadi ni deni. Neno umelisema, tunageuza."

"Mama, huyu alipokuwa mdogo akianguka, ulikuwa unamwambiaje?"

Yule mama alimtazama mwanawe pale mchangani, jitu zima na mvi zake, anafuta kamasi kwa mkono wa shati.

"Nilimwambia basi," akasema hatimaye.

"Basi ndiyo hiyo."

Mkeka ukakunjuliwa. Shemeji akainua uso, macho yamevimba. "Mke wangu, kwa hiyo ile nyingine... ile ya kugeuza..."

"Ile bado ninayo," Dada alisema. "Wewe pangusa kamasi kwanza."

Maji yakipwa hujaa. Jua lilipoanza kupoa yalirudi, kwanza kwenye vidole vyetu, kisha mashua ikajitikisa, ikainuka, sufuria zikarudi zilikotoka. Kisiwani tulikuwa tumeshapewa maji ya kunywa na wale wale akina mama, pamoja na vicheko vyao. Shemeji alikaa kwenye usukani lakini hakuugusa.

"Nanga hatuna," alisema, hata sijui akimwambia nani. "Hatuwezi kusimama popote."

"Moja kwa Moja," Dada akamwambia, "nanga ya nini?"

Akatoa mchi kwenye kinu, akaenda ukingoni, akagonga ubao mara mbili.

Shemeji akaushika usukani. Kisha akatazama kioo cha pembeni, akahakikisha nyuma hakuna anayetaka kupita, akabinya honi, tukaondoka.