Kuipanda Miche Bila Mama

Mama alipokwenda Ushirombo kumuuguza dada yake, aliniachia mbegu za nyanya alizokuwa amezichanganya na majivu na kuzibandika kwenye ukuta wa jikoni zikauke. Nilizibandua, nikazisia kwenye debe lililokatwa, nikaliacha humo humo jikoni kwa kuogopa kuku. Zikaota. Naona haya kusema, lakini kila nikitoka shule nilikuwa naisalimia miche kabla ya bibi.

Jikoni kwetu kuna giza, basi miche ikarefuka na kulegea, yote ikiinamia mlangoni.

Bibi akacheka. "Ee mayu, mama wee, imefanana na wewe! Shingo ndefu, macho barabarani. Kaipande kwenye tuta."

"Namsubiri mama aipande mwenyewe."

"Akichelewa, utampokea na vijiti vikavu?"

Kuipanda bila yeye kulikuwa kama kukubali kwamba harudi karibuni. Lakini majani yalishaanza kuwa ya njano. Jioni tukainua tuta nyuma ya nyumba, tukachanganya samadi, nikaifukia miche mpaka karibu na majani. Bibi akaingia ndani. Mimi nikabaki pale na matope mikononi, nikitamani mama atokee anigombeze kwamba nimeibananisha mno.