Kabla Hujauza Lori la Dizeli

Mwanangu, kuna siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka, na jana ilinirudia uliponionyesha kwenye simu picha ya lori la umeme. Ulisema unataka kuuza lori lako la dizeli ununue hilo, upeleke samaki na mboga kwenye mahoteli ya Kiwengwa, kwa sababu "siku hizi haya yanatengenezwa kwa wingi, Babu." Sikukujibu. Nilikuwa natafuna, na meno yangu hayapendi tena kufanya kazi mbili.

Maneno hayo niliwahi kuyasema mwenyewe. Nilikuwa dereva wa ami yangu, ndugu mdogo wa baba, aliyekuwa akibeba mwani mkavu kutoka Paje kuuleta mjini Unguja. Lori lake lilikuwa kuukuu na lenye moshi mwingi, lakini lilikuwa likifika. Siku hiyo bandarini nikayaona malori ya aina mpya, matatu kwa safu, rangi moja, yanang'aa. Nikarudi mbio.

"Ami, haya yashaenea. Nshayaona kwa macho yangu."

"Umeyaona mangapi?"

"Matatu."

Akacheka, na kwa kuwa alinipenda akauza la zamani, akanunua moja. Nami niliona safu nikaiita wingi.

Haikupita miezi mingi, tuko Paje, tumeshapakia mwani wa wanawake wa pale, kazi yao ya msimu mzima, pampu ya maji ikapasuka. Spea haikuwepo mjini. Mwenye lori la pili kati ya yale matatu, mtu mwema, akakubali tufungue pampu yake tuiazime. Fundi wetu wa Kikwajuni kule mjini, mzee mpole asiye na haraka, akaja nayo Paje kesho yake asubuhi na kuiweka pahala pake. Matundu ya bolti hayakukutana. Akachukua tupa, akachonga mpaka adhuhuri, kisha akaiweka chini.

"Kijana," akaniambia, "hawa hawakutengeneza malori matatu. Wametengeneza lori moja, mara tatu, kila mara kwa kipimo chake."

Alasiri mvua ikanyesha, turubai likavuja, mwani ukaharibika. Wale wanawake walisimama wakautazama. Ami hakunigombeza, wala hakubeba tena mwani wa Paje, maana hakuna aliyempa. Niliona haya, na mpaka leo naona.

Basi tuje kwenye hili la umeme. Silikatai. Kisiwa chetu kidogo, Kiwengwa si mbali, na moshi tumeuvuta wa kutosha. Lakini usinitajie idadi. Wewe huijui, mimi siijui, na anayeuza ataitaja inavyompendeza. Uliza mengine. Kiwanda kinayatengeneza kila siku hata kabla wanunuzi hawajajulikana, au kinangoja mtu aagize ndipo kianze? Betri ya moja ukiitia kwenye jingine, inaingia bila kuchongwa? Fundi aliyefungua moja, akikutana na lako kwa mara ya kwanza, ataona kitu anachokijua? Na likikufia Kiwengwa asubuhi na samaki wa watu ndani, spea ipo hapa Unguja au iko melini?

Ukijibiwa vizuri, uza la dizeli, na mimi nitakuja kupanda mbele. Ukijibiwa kwa picha, ngoja. Haraka yako hutailipa peke yako, mwanangu. Watailipa na wale waliokupa mizigo yao, na wao hawakuulizwa.

Nenda, na Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali pamoja na subira ya kuifikia. Na siku utakaponunua hilo la umeme, akujaalie liwe limeshakuwa la kawaida kiasi kwamba ukipita nalo sokoni Darajani, asiwepo hata mmoja wa kugeuza shingo.