Miezi Sita ya Dawa na Kapteni Ouma

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa jambo moja tu. Nilikuwa mrushaji wa mpira katika klabu yetu ndogo ya kriketi hapa Rangwe, na siku ambazo sikurusha nilishinda nikiwaza jinsi nilivyorusha vibaya siku iliyotangulia. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video za simu. Nilichora mstari wa chokaa nyuma ya jiko la mama, nikasimamisha kopo la rangi badala ya vile vijiti vitatu ambavyo mrushaji hutafuta kuviangusha. Nikilikosa kopo mara tatu mfululizo, sikula chakula cha mchana. Naanza na hayo kwa sababu tabia hiyo ndiyo iliyoupa ugonjwa wangu nafasi.

Wenzangu hawakuwa hivyo. Walicheza kriketi kama watu wanaokula mahindi ya kuchoma, kwa raha, huku wakipiga hadithi. Tulicheza kwenye uwanja wa shule ya msingi, na mara nyingi mchezo ulisimama ili ng'ombe wapite. Kapteni wetu, Ouma, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Yeye ndiye aliyetupa kontena la karakana yake tubadilishie nguo. Nyuma ya vijiti, na glavu zake kubwa, alichuchumaa Marwa, Mkuria wa upande wa Migori aliyeoa kwetu. Kazi yake ni kuuza ng'ombe katika soko la Ogwedhi. Akidaka mpira wangu mzuri alipiga mluzi. Nikirusha vibaya aliuliza kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Feli, huyo ng'ombe umemuuzia nani?"

Niliwapenda sana, ila sikuwahi kuwaambia.

Kikohozi kilianza wakati wa mvua. Mvua ikinyesha tulikuwa tukijifungia ndani ya kontena, watu kumi na mmoja na zaidi, tukisubiri ipungue. Nilikohoa hapo wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ouma pia alikuwa na kikohozi chake cha siku nyingi, kila mtu akijua ni moshi wa kuchomelea. Tukawa tunataniwa kwamba kapteni na mrushaji wake wanaongea kwa kikohozi.

Kisha nilianza kutoka jasho usiku, shuka likalowa kama limetoka kufuliwa. Suruali ikaanza kunishuka. Nikatoboa tundu jipya kwenye mshipi, na baada ya muda nikatoboa lingine. Nikajiambia kwamba sasa nimekuwa mwepesi na nitakimbia vizuri zaidi.

Siku ya kwanza kuona damu ilikuwa mazoezini. Nilikohoa kwenye kiganja, nikaona doa jekundu, kubwa kama punje ya hindi. Wasiocheza kriketi hawajui jambo hili: mpira wetu ni mwekundu, na mrushaji huusugua kwenye paja kila mara ili upande mmoja ubaki laini uking'aa. Kwa hiyo suruali yake nyeupe huwa na alama nyekundu siku zote. Nilipangusa damu palepale, juu ya alama ile. Hakuna aliyeona. Nilifanya hivyo karibu mwezi mzima.

Mama alipofua aliinua suruali akaitazama. "Wuoda," akaniambia, yaani mwanangu, "hii nguo ni ya kucheza ama ya kuchinja?"

"Ni rangi ya mpira, Mama."

"Huo mpira wenu unavuja sana."

Nikacheka. Alicheka pia, na mpaka leo kicheko chake cha siku ile kinaniuma.

Kwa nini nilificha? Nitasema bila kujitetea. Tulikuwa tumebakiza mechi ya Migori, na nilikuwa nimerusha vizuri mechi mbili mfululizo. Niliogopa kukosa ya tatu. Pia nilisikia shangazi akinong'ona kwamba nakonda kwa chira, ile laana inayosemekana humkausha aliyevunja mwiko. Wengine walidhani ni ukimwi. Nikaona afadhali nicheze, maana mgonjwa hawezi kurusha mpira namna ile.

Kule Migori nilirusha mipira minne. Kabla ya wa tano kifua kilinibana, nikakohoa, na mara hii halikuwa doa. Ilijaa mkononi, ya moto, yenye mapovu. Nikapangusa haraka kwenye paja, nikakimbia, nikarusha. Mpira ukampita mpigaji ukaingia kwenye glavu za Marwa. Hakupiga mluzi. Aliangalia glavu, akaniangalia, akaja akitembea polepole.

"Feli, hii ni nini?"

"Rangi ya mpira."

"Rangi ya mpira naijua." Alisogea karibu ili wengine wasisikie. "Na mimi ni mtu wa ng'ombe. Damu pia naijua."

Nilimwomba aniache nimalize mpira mmoja uliobaki katika zamu yangu ya mipira sita. Alivua glavu akaziweka chini. Mlinda vijiti akivua glavu, mchezo hauwezi kuendelea. Akasimama hapo katikati ya uwanja, mikono mitupu, mpaka Ouma alipokuja kuuliza kuna nini. Ouma aliponitazama mdomoni hakuuliza tena. Alinishika mkono kama mtoto akanitoa nje, na timu ikamaliza mechi ikiwa na upungufu wa mtu mmoja. Tulishindwa. Hakuna aliyelitaja hilo, siku ile wala baadaye.

Kesho yake Marwa alinipeleka hospitali. Walichukua makohozi yangu, wakapiga picha ya kifua. Nilipimwa pia virusi vya ukimwi, sikuwa navyo. Daktari, mama mmoja mpole aliyevaa barakoa, aligeuza ile picha kuelekea dirishani.

"Ni TB. Inatibika. Dawa ni za miezi sita, kila siku, bila kuruka hata moja. Umekuwa ukikaa wapi na watu, mahali pamefungwa?"

Nikafikiria kontena. Nikataja majina ya wenzangu moja baada ya jingine, na kila jina lilinitoka kwa shida, kama naungama dhambi.

"Waje wote wapimwe," akasema. "Na mama yako pia."

Nilirudi nyumbani nikafanya upuuzi. Klabu yetu ilikuwa na mipira minne tu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitunza. Nilikumbuka kwamba nilikuwa nikiipaka mate ili ing'ae, kila mmoja wetu alifanya hivyo. Nikaitumbukiza yote ndani ya karai la dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nikaiacha humo. Asubuhi mipira ilikuwa imepauka kama nyanya inayoanza kuiva, ngozi imevimba na nyuzi zimefumuka. Nilipoenda tena kliniki na Marwa nilimweleza daktari kwa fahari. Akajizuia kucheka.

"Kijana, TB inapita kwa hewa. Haipiti kwa mpira."

Marwa hakujizuia. Alicheka mpaka akakaa chini. "Umeua mipira minne yenye haikuwa na makosa! Omera, ndugu yangu, wewe ukipona utashtakiwa."

Wote walipimwa. Mama alikuwa mzima, akapewa dawa za kujikinga. Marwa mzima. Wengine wazima. Ouma alikuwa nayo.

Ouma ana watoto watatu. Nilijifungia kwenye simba yangu, ile nyumba ya kijana asiyeoa, nikaamua kwamba sitamtazama tena usoni. Wiki mbili za kwanza daktari aliniambia nikae peke yangu, madirisha wazi. Wenzangu walikuwa wameshapanga zamu ya kuja kila asubuhi kuhakikisha nimemeza. Walifuata orodha ileile ya upigaji tunayotumia uwanjani, wa kwanza mpaka wa mwisho. Kila mmoja alisimama nje ya dirisha, akaniambia fungua mdomo, inua ulimi, haya, kunywa uji. Marwa alileta maziwa kila siku ya soko. Mmoja aliyekuwa na aibu sana alinisomea matokeo ya mpira wa miguu kutoka kwenye simu, kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

Siku ya saba nilisikia kikohozi nilichokijua. Ouma alikuwa nje, ameketi kwenye kigoda hatua chache kutoka dirishani, pakiti ya dawa mkononi.

"Leo tunapiga wawili," akasema. Katika kriketi wapigaji huingia uwanjani wawili wawili, mmoja kila upande, na hakuna anayekimbia bila mwenzake.

"Kapteni, mimi ndiye nimekuambukiza."

"Nani amekuambia?"

"Najua tu."

"Nimekohoa tangu kabla ya Krismasi nikilaumu moshi. Labda mimi ndiye nimekuambukiza wewe." Alimeza tembe zake, akakunja uso. "Nilimuuliza daktari. Amesema hapa hawawezi kujua, na dawa ni ileile. Kwa hivyo meza."

Nikameza. Tangu hapo alikuja kila asubuhi, pamoja na aliyekuwa na zamu.

Dawa zile si peremende. Viungo viliniuma kama vya mzee. Kichefuchefu kilikuja kila asubuhi. Mkojo ukageuka rangi ya soda ya machungwa, na hata machozi yakawa na rangi. Lakini kikohozi kilikatika. Jasho liliisha. Nilianza kula ugali wa kushiba. Kufika mwezi wa tatu mshipi ulirudi kwenye matundu ya zamani, na daktari akaniruhusu kufanya mazoezi kidogo kidogo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ninaloliandika kwa aibu kuliko yote. Timu ilikuwa na mechi Homa Bay. Nilitaka kucheza, na nilitaka kucheza kikamilifu. Lakini kila nikimeza dawa, mkono uliokuwa ukirusha ulikuwa mzito na tumbo limechafuka. Nikajiambia kwamba nimepona. Nikaanza kuficha tembe chini ya shavu, nikazitema wenzangu wakiondoka. Siku ya kwanza nilirusha vizuri. Siku ya pili, vizuri zaidi. Nilifika siku nane.

Siku ya nane, baada ya mazoezi, mimi na Ouma tulienda kujisaidia nyuma ya ua wa michongoma, tukisimama hatua kadhaa mmoja kutoka kwa mwenzake. Ouma aliangalia mbele, kisha akaangalia chini upande wangu. Mkojo wake ulikuwa wa rangi ya machungwa. Wangu ulikuwa mweupe kama maji ya kisima.

"Feli," akasema. "Umekunywa dawa leo?"

"Nimekunywa."

"Usinidanganye nikiwa hivi."

Alifunga zipu, akakaa kwenye nyasi, akafunika uso kwa mikono yake iliyojaa alama za moto. Nilidhani atanipiga. Heri angenipiga.

"Unajua mimi naogopa?" akasema. "Kila asubuhi nataka kuacha. Zinanichoma tumbo, siwezi kushika kazi vizuri, watoto wanataka kula. Halafu nasema, hapana, huyo kijana ananingoja kule dirishani. Kumbe mimi ndiye niko peke yangu."

Mtu huyo niliyemwona kama mlima alikuwa ameniegemea mimi, nami nilikuwa nimeondoka bila kumwambia.

Tulienda kwa daktari siku ileile. Ouma hakuniacha niingie peke yangu. Daktari alikasirika, na alikuwa na haki. Alinieleza kwamba ukiacha katikati, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, dawa hizi zisiufae tena, nawe uupeleke hivyohivyo kwa watu wako. Walichukua makohozi upya. Nikasubiri majibu nikiwa nimeshika mkono wa kapteni wangu bila haya. Yalikuwa safi. Daktari akaongeza siku zangu nane mwishoni.

Ouma akanipa hukumu yake mlangoni. "Homa Bay huendi. Jina lako nitaliandika siku utamaliza dawa. Si kabla."

"Na wewe?"

"Na mimi pia siendi. Marwa ataongoza."

Alikaa nje ya mechi kwa ajili yangu. Timu ilikwenda bila sisi wawili, ikashinda, na jioni Marwa alitupigia simu kuelezea kila mpira, hata ile iliyopita pembeni.

Tangu siku hiyo hatukuruka. Saa moja asubuhi, dirishani, tembe, uji. Nilijifunza kumeza bila kujali kama nitarusha vizuri siku hiyo. Kwa mtu kama mimi hilo lilikuwa gumu kuliko ugonjwa wenyewe.

Ouma alianza dawa siku sita baada yangu, kwa hiyo kwa makosa yangu alimaliza siku mbili kabla yangu. Asubuhi iliyofuata nilijua hatakuja. Hakuwa na sababu. Saa moja ilipofika nilimsikia akivuta kigoda. Alikuwa na kikombe cha maji matupu. Nikameza tembe zangu, naye akanywa maji yake, akakunja uso kama zamani. Siku ya mwisho alikuja tena. Nikameza, naye akatoa orodha ya timu akaliandika jina langu.

Sasa mimi ni mzima. Picha ya kifua ina kovu dogo, na nikikimbia sana nalisikia. Siku hizi mvua ikinyesha tunasimama chini ya paa la shule, na milango ya kontena iko wazi. Namshukuru Mungu aliyenipa pumzi tena. Namshukuru mama, daktari wetu, Marwa aliyevua glavu, na wale wote waliosimama nje ya dirisha langu.

Wewe unayesoma haya, kama umekohoa zaidi ya wiki mbili, usitafute maelezo mazuri. Usiseme ni moshi, ni vumbi, ni baridi. Nenda ukapimwe. Ukipewa dawa, zimalize, hata ukijisikia mzima, hata kama kuna jambo zuri linakungoja. Na usizinywe peke yako. Tafuta mtu mmoja wa kukaa nje ya dirisha lako, umwahidi kwamba utakuwepo. Huenda yeye naye anaogopa, na anakuhitaji zaidi ya unavyomhitaji.