Mishale Iliyosimama Kwenye Tano

Wasomaji wangu, juma hili nilikuwa nimeshaanza kuwaandikia habari ya baridi hii ya kiangazi chetu cha huku na namna inavyoingia kwenye magoti. Ndipo mama anayetuuzia makala, mkaa wa kupikia, akasimama mlangoni, gunia lingali kichwani, akasema, "Mama, fundi ya saa wa Naviundu alituacha." Hakulitua hata lile gunia. Nikakaa pale pale kwenye ngazi. Jina la fundi ninalijua, na la baba yake, na la mama yake, hata la yule mtoto wao wa kwanza aliyekufa kabla ya ubatizo. Masomo yangu yaliishia darasa la tatu, lakini majina hayanitoki. Ila ninyi mnaijua sheria ya ukurasa huu: hapa hatumtaji mtu. Wa kwao watamjua, na asiyemjua atamjua kwa kazi yake.

Tulimwita fundi wa saa, lakini kutengeneza saa aliacha zamani, simu zilipoingia mifukoni na watu wakasahau kuzirudia saa zao walizomwachia. Zilimjazia nyumba, saa zilizokufa. Akaanza kuzifungua na kupanga viungo vyake juu ya ubao: magurudumu yenye meno, resori, zile springi zilizojikunja kama nyoka mdogo, funguo za makabati yasiyokuwepo tena, lesi ya gauni la ndoa, picha, vipande vya shaba. Karatasi mpya aliichovya kwenye chai nzito mpaka ikawa kama ya enzi za babu. Shaba aliipaka siki na chumvi, akaifunika, nayo ikatoa ule ukijani ambao sisi wa mji wa migodi tunaujua tangu utotoni kwenye mawe. Mzungu mmoja aliyekaa upande wa Karavia, kwa wenye pesa, alimwambia kwamba kwao kazi hiyo ina jina lake, na wanaoipenda huvaa kofia ndefu na miwani kama ya watu wa kuchomea vyuma. Fundi akanisimulia akicheka: "Mama, kumbe niko na dini na mi sikujua." Sisi tuliziita tablo, basi.

Halafu ikaingia desturi. Familia iliyoianza ninaijua, siitaji. Walimpelekea saa ya ukutani ya baba yao, kibati cha namba alichokuwa akitundika mlangoni mwa kazi, na miwani yake iliyovunjika mguu, wakamwomba tablo ya kufunuliwa siku ya kumaliza kilio. Fundi akaweka mishale kwenye saa ile mzee aliyokata roho. Watu walipoiona walilia upya. Tangu hapo Naviundu yote, mpaka Annexe huko kwenye mashamba, kilio kilikuwa hakijamalizika vizuri bila kitenge kuvutwa na tablo kuonekana. Na fundi alikuwa na namna yake. Hakumuuliza mkubwa wa familia. Alimuuliza yule aliyekuwa kando ya kitanda, peke yake, amemkalisha kwenye kigoda, mlango wazi, yeye mwenyewe macho kwenye kazi ya mikono yake. "Alienda saa gani?" Ukimjibu, anaweka, kisha anailehemu mishale kwa risasi iliyoyeyushwa, ili mtu asije akaichezea. "Mi sipangake saa," alizoea kusema. "Munanipatia, naweka." Heshima yake yote ilikuwa hapo. Watu walimwamini kama wanavyoamini kitabu cha ubatizo.

Jirani yangu alifiwa na mume, mtu wa kiwandani aliyeugua muda mrefu. Alifia nyumbani, watoto wamelala, wao wawili tu chumbani. Mjane aliwapigia simu wakwe zake saa nane. Hapa kwetu saa tunaisoma kama namba ilivyo usoni: tano ni kabla ya jua, nane ni pale watoto wameshaingia darasani. Wifi yake mkubwa, dada wa marehemu, alifika na maswali tayari mdomoni. Alikufa namna gani, alikunywa nini, nani alimpa. Mnajua maswali hayo yanaelekea wapi. Mjane anayeshukiwa hatolewi kwa karatasi ya serikali, anatolewa kwa godoro lake kutupwa uani. Nyumba ilikuwa kwa jina la mume, watoto bado wadogo, na shemeji mmoja tulikuwa tumeshamwona akikipima chumba cha mbele kwa miguu, ukuta hadi ukuta, mikono nyuma.

Siku ya kumaliza kilio bashi, lile turubai la kivuli, likafungwa uani, bukari, ugali wetu, ikapakuliwa, tablo ikaletwa imefunikwa. Wifi mkubwa ndiye aliyevuta kitenge. Ilikuwa kazi nzuri, sijaona nzuri kuliko ile: bomba dogo la shaba kama la kiwandani, magurudumu yakipandiana, picha ya marehemu akiwa kijana wa nywele nyingi, na katikati uso wa saa. Mishale ilikuwa kwenye tano.

"Kuya hapa, bibi ya ndugu yangu," wifi akasema, polepole. "Mi macho ilichoka. Unisomee. Mushale mufupi iko wapi?"

"Iko ku tano," mjane akajibu.

"Na sie ulituita saa gani?"

"Ku munane."

"Tano. Sita. Saba. Munane." Alihesabu kwa vidole, mkono ameuinua watu wote waone. "Ile masaa yote, mulango ukifungwa, ulikuwa unafanya nini na ndugu yetu?"

Mjomba mmoja mwenye chupa mkononi akatupa neno: "Pengine alikuwa anatafuta simu." Vijana wa upande wa mume wakacheka, kicheko cha watu wanaosubiri kuagizwa. Yule shemeji wa kupima chumba akainuka kwenye kiti. Nilikuwa nyuma ya mjane, nikaona vidole vyake vinakunja pindo la kitenge na kulikunjua. Nilimwomba Mungu amfungue mdomo, aseme chochote, hata uongo. Na niseme wazi, swali lile lilinichoma hata mimi niliyempenda. Siri ya mtungi anaijua kata, na kata yenyewe ilikuwa imenyamaza.

"Ni mimi." Fundi alikuwa amekaa pembeni, sahani magotini. Aliiweka chini, akajifuta vidole. "Nilichanganya. Nilikuwa na tablo mbili ku meza. Ile ingine, ya watu ba Annexe, ndiyo ya tano. Huyu mama aliniambia munane."

Wifi alimgeukia. "Weye? Weye hauchanganyake."

"Safari hii nilichanganya. Muniletee koleo."

Koleo likaletwa. Akafungua kioo, akaubana mshale mfupi, na ile risasi yake ikakataa, maana aliilehemu mishale ili isiachie. Tulisikia inavyolia. Ilipokatika, mshale ukauchana uso wa saa pale kwenye tano, mkwaruzo mweupe kama kovu. Akausogeza mpaka nane, akafunga kioo. "Munisamehe, famili," akasema, na kichwa akainamisha. Shemeji akasimama bado kidogo, akitafuta mahali pa kushika, asipate. Mwishowe akakaa. Godoro halikutoka nje siku ile, wala siku nyingine. Watoto wa mjane wamekulia nyumba ile, na sasa wana watoto wao.

Lakini gharama iliangukia mahali pengine. Haukupita muda mama mmoja akaja kwa fundi na tablo imefungwa kwa shuka, ametoka nayo Annexe kwa miguu. "Na ya mutoto wangu," akamuuliza, "ulichanganya?" Fundi akamwapia kwamba hapana. Yule mama akamtazama, akaifunga tena, akaondoka bila kusema kama ameamini. Wakaja wengine. Halafu wakaacha kuja, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Watu waliopitisha kilio walianza kununua maua ya plastiki. Fundi akabaki na wateja wa Karavia waliotaka kitu cha kupamba sebule, wasiojali mishale imesimama wapi. Kwa hao aliweka popote. Nilimwona siku moja anaweka bila kutazama, na sikupenda kuona.

Nilimuuliza kwa nini, mara moja tu, tukiwa kwenye daraja la mto Naviundu, maji yakiwa ya kahawia chini yetu. Alijua ninauliza nini. "Mama, saa haiulizake muntu alikuwa wapi," akasema. Nikamwambia, haya, lakini wewe ulijua alikuwa anafanya nini? "Sikumuuliza. Alinipatia tano, na alinipatia kweli. Ningeiweka tu moyoni, nisingeiweka ku ubao. Pale ndipo nilikosa." Akaniacha na hilo. Sikuwahi kumwambia mjane, na mjane hakuwahi kuniambia mimi. Tuliishi majirani, tukipeana chumvi na moto, neno lile likiwa kati yetu kama jiwe ambalo kila mtu anajua kulizunguka.

Nimelifikiria sana juma hili. Sisi wakubwa wa mji huu tulikulia kwenye king'ora. Kilipolia, wanaume walitoka, kilipolia tena, chungu kikateremshwa jikoni. Saa ilikuwa ya kiwanda, nasi tuliazimwa. Kilipozimika tulidhani tutapata masaa yetu wenyewe. Hatukuyapata. Leo mtu anakata roho na simu tayari iko juu yake. Picha yake imefika Kolwezi na Ulaya kabla hajafumbwa macho. Mtoto wa dada yangu aliijua habari ya kifo cha mama yake kwenye simu ya mtu aliyekaa naye kwenye basi. Ukichelewa kutangaza, unaulizwa. Ukikaa kimya, unaulizwa. Hakuna tena mlango wa kufunga.

Basi tulikwenda kwenye kilio cha fundi, Naviundu nzima, na wifi mkubwa naye alikuja, mzee sasa, kwa fimbo. Binti wa fundi ndiye aliyemkuta baba yake asubuhi, ameinamia meza yake ya kazi, ameshapoa. Hakuna aliyekuwa kando yake. Na ukutani ilikuwepo tablo aliyojitengenezea mwenyewe, imekamilika, shaba kijani kila upande, ila uso wa saa hauna mishale. Mishale ilikuwa kwenye kopo la maziwa, chini yake. Mdogo wa fundi akasema iwekwe saa aliyokutwa. Binti akakataa: "Ile iko saa yangu ya kumuona. Haiko yake." Wakaanza kupandishiana sauti, na mdogo akauliza kwa hasira nani basi ataitoa saa, kama aliyekuwepo hayupo.

Jirani yangu, yule mjane, akainuka. Nilimshika kitenge, nikakivuta arudi chini. Nyumba ile ingali kwa jina la mumewe, na yule shemeji alikuwa safu ya pili, amekonda lakini yupo. Akanitoa mkono wangu taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mbele ya kumuweka huyu baba mu udongo, niko na neno," akasema. "Siku ya tablo ya bwana yangu, hakuchanganya. Ile tano ni mimi nilimupatia. Iko kweli. Alibeba bongo, ile uongo, juu ya kunikinga, na kazi yake ikakufa."

Fimbo ya wifi ikagonga chini. "Basi nakuuliza tena," akasema. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilimunyoa ndevu."

Wifi akamwashiria kwa kidevu aendelee.

"Alikuwa hapende muntu amuone na ndevu, unajua. Maji ilikuwa baridi, nikawasha mubabula ya makala, nikapasha. Nilijua nikifungua mulango, haiko wangu tena, iko wenu. Nikanyoa polepole. Nikamaliza, nikamuangalia. Kisha nikawaita."

Yule shemeji alikuwa ameinua shingo. Mimi nilikuwa nikiliona godoro, naapa, nililiona liko uani, na sisi wazee tunaliangalia. Wifi mkubwa alisimama pale juu ya fimbo yake, mdomo ukitafuna bila chakula. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni huyo ndugu yake alipokuwa mtoto, hilo sote tulilijua.

"Ungenibakishia shavu moja," akasema.

Akatembea mpaka alipokuwa jirani yangu, akaketi naye kwenye kiti kimoja cha plastiki, kisichotosha wanawake wawili. Shemeji akarudisha shingo yake. Binti wa fundi alilishika lile kopo la mishale kama mtu asiyejua ameshika nini, akauliza tena, kwa sauti ndogo, baba wamuwekee ngapi. Wifi ndiye aliyejibu. "Tano. Aliibeba miaka yote, mumuachie yake."

Iko tano, wasomaji wangu. Nendeni mkaione. Na mimi bibi yenu ninayekusanya majina ya watu nimetoka kilioni na jambo moja la kuwaachia. Kuna masaa ambayo mtu hukaa na wake, na masaa hayo si ya kuhesabiwa kwa vidole mbele ya watu. Ukimkuta mfiwa, mletee kuni, mletee maji, keti. Na siku ukimwona mtu amesimama kuyadai yale masaa, uwe na koleo au usiwe nalo, weka sahani yako chini, useme ni wewe uliyechanganya.