Boliti Zilizolaliwa

Kadibodi yenyewe ilikuwa ubavu wa katoni ya sabuni. Niliichora kwa kalamu nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi la gereji moja ya Matisi. Nilichora umbo la giaboksi pale inapoungana na injini, kisha kila boliti niliyoifungua nikaidunga mahali pake: ndefu mbili juu, fupi tatu kushoto, za wastani chini. Sikufundishwa na mtu. Shule niliiacha darasa la saba, lakini sijawahi kuacha kuuliza, na nilikuwa nimeona kwamba boliti zile hazilingani urefu. Nikajiuliza kwa nini kiwanda kijisumbue hivyo kama urefu mmoja ungetosha.

Fundi alipita, akatazama, akacheka. "Umeanza kufundisha shule, bana?"

"Zisipotee."

"Boliti haipotei. Kopo liko pale."

Kopo lake lilikuwa mkebe wa rangi uliojaa dizeli, na ndani mlikuwa na boliti za kila gari lililowahi kufunguliwa katika uwanja ule. Akitaka moja, alitumbukiza mkono kama mtu anayetafuta nyama kwenye sufuria ya maharagwe.

Pikapu ilikuwa ya dada yangu mkubwa. Analima kabichi Saboti, na mara mbili kwa wiki alikuwa akiipakia mpaka springi zinalala, anateremka nayo Bungoma kwenye shule moja ya bweni iliyokuwa ikinunua kabichi zake zote. Giaboksi ya zamani ilikuwa imechoka. Gia ya tatu ilikuwa inaruka, kwa hiyo aliendesha mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeikaba gia kama anayemshika mbuzi pembe. Injini yake ilikuwa nzima. Injini niliiua mimi.

Nilikuwa nimerudi kutoka huko na huko, Lodwar nikichoma makaa, Malaba nikipakua malori, na dada akanipa funguo bila kuuliza nitakaa siku ngapi. Siku moja nikitoka Kachibora niliona sindano ya joto ikipanda. Maji ya rejeta yalikuwa yamekauka. Mtu mwenye akili angesimama. Mimi nilitaka kujua itafika wapi. Ilifika mwisho, na kwenye kilima kilichofuata injini ikajifunga kama ngumi.

Dada hakunipigia kelele. Alisema, "Kabichi zimekomaa. Mvua moja kubwa tu, zinapasuka. Shule inazingoja Jumatatu. Umeua, fufua."

Niliuza pikipiki yangu, nikaenda Bungoma kwa mtu anayeuza injini zilizotolewa kwenye magari ya zamani. Aliikalisha moja juu ya tairi kuukuu pamoja na giaboksi yake, akaiunga na betri, akaimwagia maji kwa jagi. Ikawaka. Niliweka kiganja kwenye moshi, nikanusa, nikainama nikatega sikio.

"Sasa wewe unanunua injini ama unaoa?" muuzaji akauliza.

"Nasikia kama inakohoa."

"Haikohoi. Ilikuwa kwa gari ya mzee fulani. Alikuwa anaenda nayo kanisani tu."

Injini zote za Bungoma zimetoka kwa wazee wanaoenda kanisani tu. Lakini ile kweli haikukohoa.

Kule Matisi ilibidi tuitenganishe na giaboksi ili tuweke klachi mpya. Hapo ndipo nilipoichora ile kadibodi. Ijumaa mchana nilikwenda mjini kununua oili. Niliporudi, miguu ya fundi ilikuwa imechomoza chini ya gari la mteja mwingine, na chini ya mgongo wake kulikuwa na mchoro wangu. Nusu ya umbo la giaboksi ilionekana. Matundu yalikuwa matupu.

"Boliti zangu ziko wapi?"

"Si nilikwambia. Kopo."

"Nilikuwa nimezipanga."

"Hapa chini maji yamemwagika, bana. Ulitaka nilale kwa matope?" Alijivuta nje, akajipangusa mikono. "Kwani zimevuka mpaka? Zote ziko hapo."

Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli. Lakini mnyororo wa kuinulia injini ulikuwa wake, na Jumatatu ilikuwa yangu. Nikaloweka mkono kwenye dizeli yake, nikavua zile nilizozikumbuka, na tukaanza kufunga. Ilipobaki moja upande wa kushoto fundi alichoka kunisubiri, akachukua yoyote iliyoshika nyuzi za tundu. Ilikaza kabla kichwa chake hakijagusa chuma. Akavalisha spana kipande cha bomba, akaegemea kwa uzito wake wote.

Nikasikia *ta*, kama karanga imevunjwa kwa jino.

"Hiyo ni nini?"

"Rangi. Boliti ikikaa inavunja rangi. Sasa imekaa."

Nilijua rangi hailii hivyo. Nilinyamaza. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kwenda nyumbani na gari linalotembea, nikamwachia aseme uongo ule kwa niaba yetu sote wawili.

Jumamosi nilipanda nayo kuelekea Saboti. Gia ya tatu iliingia na kukaa, laini kama siagi, nami nikaanza kuimba. Kisha sindano ikasogea. Safari hii nilisimama papo hapo, nikaingia chini. Maji yalikuwa yakidondoka pale giaboksi inapokutana na injini. Boliti ile, ndefu kupita tundu lake, ilikuwa imetoboa mwisho wa tundu hadi kwenye njia ya maji.

Nilimpigia fundi simu, nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Kisha nikampigia dada, nikamweleza boliti ilivyokazwa na fundi alivyosema ni rangi tu. Alikuja na trekta la jirani, tukaivuta hadi uani kwake. Alipozima trekta hakushuka.

"Ulisikia ikivunjika?"

"Nilisikia."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu."

Hapo akashuka. Kisha akaingia nyumbani, akatoka na katoni ya mbegu na panga, akakata ubavu mmoja. "Chora," akasema.

Usiku huo mvua ilinyesha. Jumapili dada hakwenda kanisani. Tuliishusha giaboksi kwa jeki na magogo. Mimi niliketi nikijaribu kukumbuka ni boliti gani ilitoka wapi. Yeye alichuma nyasi, akaingiza bua moja katika kila tundu mpaka likagota, akalikata kwa kucha pale mdomoni, akalilaza kando ya boliti ya urefu huo. Ilimchukua dakika chache tu. Mimi na maswali yangu yote sikuwa nimewaza jambo hilo.

Mchana fundi akaja na bodaboda. Akasimama mbali kidogo, akamwambia dada, "Mathe, hata wewe umekuwa fundi sasa?"

Dada alimshika mkono, akamwingiza kidole kwenye tundu lililopasuka. "Hii ni rangi?"

Fundi akakichomoa kidole, akakipangusa kwenye suruali.

"Lala chini uizibe."

Akaangalia ardhi. Ilikuwa tope tupu. Akaangalia kadibodi yetu, ambayo boliti zilikuwa zimesimama juu yake kama mahindi machanga.

"Hiyo ina kazi," dada akasema. "Lala."

Alilala na shati lake la Jumapili. Akasugua tundu, akalijaza gundi ya chuma, na kila boliti aliyoitaka nilimpa mimi, moja moja, kutoka mahali pake. Sikumhurumia. Simhurumii hata sasa.

Gundi ilitaka usiku mzima kukauka. Jumatatu asubuhi mhudumu wa stoo ya shule alipiga simu kusema wamechukua kabichi kwa mkulima mwingine, na sijui kama watarudi kwetu. Shambani, karibu nusu zilikuwa zimepasuka, midomo wazi. Tulipakia zilizobaki, twende tukajaribu sokoni. Dada alikaa kwenye usukani. Hakunipa funguo, nami sikuomba.

Aliingiza gia ya tatu, na mkono wake ukaikaba kama zamani, mpaka tukapita Kamukuywa. Hapo akaachilia kidole kimoja, halafu vyote, akauweka mkono mapajani. Gia haikuruka.

"Imekaa," nikasema.

"Usiniambie imekaa," akajibu, macho barabarani. "Sikiliza. Ukisikia kitu, sema."

Nikateremsha kioo, nikasikiliza hadi Bungoma.