Nilimwacha Robi Aandike Moyo

Mkosaji ni mimi. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia mwenyewe nitampoteza. Rafiki yangu, msichana mwenzangu, nitamwita Robi, ingawa silo jina lake.

Tulimaliza shule pamoja Migori, mimi Mjaluo, yeye Mkuria. Kanisa letu lilikuwa na nafasi moja tu ya kumsomesha mtu uuguzi Homa Bay, na sisi wawili tulikuwa tumefungana kwa alama. Tukapewa mtihani wa biolojia ili apatikane mmoja. Tuliketi benchi moja, na tulikuwa tumeahidiana kusaidiana, Mungu achague mwenyewe.

Swali la seli lilinishinda. Sehemu gani ya seli hutoa nishati? Robi akaninong'oneza, "Mitokondria." Nikaandika.

Kisha yeye akakwama. Ni kiungo gani cha mwili hutengeneza nyongo? Akanigusa kwa kiwiko.

"Niambie hiyo tu, haki."

Msimamizi alikuwa karibu na hakujua Kijaluo, basi nikasema, "Chuny."

Nilimaanisha ini. Kwenye buchari za kwetu, ukitaka ini unaomba chuny. Lakini Robi Kijaluo alikijulia kwenye kwaya, na katika nyimbo zetu chuny ni moyo. Nikamwona anaandika "moyo".

Jamani, muda ulikuwepo! Msimamizi alishasogea dirishani. Neno moja lingetosha. Mimi nikakazia macho karatasi yangu mpaka muda ukaisha.

Nilimshinda kwa swali hilo moja.

Sasa niko mwaka wa pili chuoni. Robi anaanika omena, dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay. Juzi alijifungua msichana, akanipigia simu.

"Nimempea jina yako," akasema. "Wewe ulijaribu kunisaidia, ni mimi tu nilikuwa na kichwa ngumu."

Nikajibu asante. Nilipokata simu nilijifungia bafuni nikalia kama mtoto.

Jumapili hii anataka nisimame mbele ya kanisa, nimshike mtoto akibatizwa. Nimeshakubali. Kila simu yake ikiingia naogopa kwamba amejua.

Wewe unayesoma, ukimwona mwenzako anakosea na wewe unajua, mwambie palepale. Ukinyamaza anaweza asigundue kamwe. Atakupenda, atakushukuru mbele za watu, na utalazimika kuitikia.