Kisomeo Juu ya Bati

Mke wangu anasema mimi nikisikia kitu kina waya au betri, nasahau hata kula. Anatia chumvi, lakini si sana. Siku dada yangu aliponitumia kifurushi kwa basi la Iringa kutoka Dar es Salaam, nilifunga mapema duka langu la kutoa kopi pale Mikumi nikaenda kusimama stendi, na kila basi lililopunguza mwendo nililikodolea macho. Ndani ya kifurushi mlikuwa na kifaa cha kusomea vitabu. Mimi nakiita kisomeo, maana jina lake la dukani linanipinda ulimi.

Habari zake nilikuwa nimezifuatilia muda mrefu, lakini kushika ni jambo jingine. Ni chepesi kuliko daftari la shule. Uso wake haumeremeti kama wa simu. Ni wa kijivu na umetulia. Nilikitoa nje wakati wa jua kali, saa ambayo simu yangu inageuka kioo cha kujitazamia, nacho kikasomeka vizuri tu. Nikakizima, picha ikabaki palepale. Inabakije bila umeme? Nilikaa na swali hilo mpaka chai ikapoa. Kumbe humo ndani mna chembe nyeusi na nyeupe, ndogo kupita vumbi. Umeme unazipandisha na kuzishusha, na zikishapanda zinakaa hapo zenyewe bila kudai chochote. Lakini kilichonimaliza kabisa ni kwamba ukikigeuza kichwa chini, maneno nayo yanageuka, yanasimama sawasawa yakikutazama. Nikageuza, nikageuza tena. Mke wangu akaniuliza kama nasoma au napika chapati.

Nilipokwisha kukichezea, udadisi wangu ukahamia kwa baba.

Baba na mama wanaishi Kilosa, upande wa barabara ya kwenda Msowero. Tangu nipate akili, kila siku baada ya swala ya alasiri baba huketi barazani akamsomea mama kwa sauti. Mama hakupelekwa shule, ila hadithi alizosomewa zingejaza kabati. Sasa, kwa muda mrefu, kilikuwa kikisomwa kitabu kimoja tu, riwaya ya zamani yenye picha ya treni kwenye jalada. Kikiisha, kinaanzwa upya. Kila kitabu kipya nilichompelekea baba alikishukuru, akakiweka kabatini, basi. Nilipomuuliza kama macho yanamsumbua, nikamwambia twende hospitali, alinijibu kwamba macho yake hayana neno, vitabu vya siku hizi ndivyo havina ladha. Niliogopa kwamba ule usomaji wa barazani unakaribia kufa, na sikujua unakufa kwa ugonjwa gani.

Nikanunua mtandaoni riwaya mpya, nikaiingiza kwenye kisomeo, nikafunga safari.

Baada ya shikamoo na marahaba, baba alikipima uzito kwa viganja, akauliza kurasa ziko wapi. Nikamwelekeza aguse pembeni. Kwa mazoea yake ya siku zote akalowesha kidole kwenye ulimi kwanza, na kisomeo, ambacho hakijazoea mate, kikaruka kurasa nyingi kwa mpigo. Mama alicheka mpaka ungo wa mchele ukamtikisika mapajani. Nikakifuta, nikaanza kukuza herufi, zikawa kubwa, kisha kubwa zaidi, mpaka mstari mzima ukabeba maneno matatu tu. Baba akakiweka vizuri mapajani. Halafu akaanza kusoma, polepole, akikwama na kurudia neno, kama mwanafunzi aliyesimamishwa darasani. Ilinishangaza. Riwaya ya treni alikuwa akiisoma kwa kasi bila kubabaika. Nikadhani hii haijampendeza, lakini hakuiacha mpaka adhana ya magharibi.

Niliwaachia kisomeo. Roho iliniuma, sitaficha, nilikuwa sijakifaidi. Nikawaeleza kwamba chaji yake inakaa wiki na wiki, nikarudi Mikumi.

Hazikupita siku nyingi mama akapiga simu. Kisomeo kimegoma. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyevunja kitu cha watu.

Nilipofika, baba alikuwa msikitini. Mama akanipeleka uani, akanyoosha kidole kwenye paa fupi la jiko. Juu ya bati, kando ya taa ya sola, kisomeo kilikuwa kimelazwa chali kikiota jua. Akaniambia hukipandisha kila asubuhi na kukishusha alasiri. Ningebisha nini? Katika nyumba ile kila kinachowaka kinakula jua: taa, redio, hata simu. Na ule uso wa kijivu, bapa, ukiuweka karibu na kibao cha sola unaweza kuapa ni ndugu. Nilikishika kikaniunguza vidole. Kilikuwa na mabaka usoni, na nilipobonyeza hakikuitika. Nikakiingiza ndani, nikakilaza kwenye sakafu ya saruji karibu na mtungi, nikamwambia mama tusubiri kipoe, huenda kikaamka, huenda kisiamke.

Tulikaa pale tukikitazama. Nikamuuliza kwa nini alihangaika kila siku wakati nilimwambia chaji inakaa.

"Kile kitabu cha treni baba yako hakisomi," mama akasema. "Amekikariri. Macho yamemwisha, mwanangu. Mimi herufi sizijui, ila treni naijua. Siku nyingine anashika kitabu magurudumu yako juu, na maneno yanamtoka vilevile."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kumwambia baba kwamba anajua.

"Nimwambie ili iweje? Akiona haya mbele yangu hatasoma tena. Ila hiki chako alikisoma kweli. Nilimsikia anakwama, nikajua leo anasoma. Nikasema kisizimike hata kidogo."

Nilishindwa kumtazama. Nikainama nikabonyeza tena, na tena. Hakuna kitu. Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kumpoza mama, mara uso wa kisomeo ukapepesa, mweusi, mweupe, kisha ukatulia kwenye ukurasa ambao baba alikuwa ameishia.

Baba alirudi, akaniitikia shikamoo, akaenda moja kwa moja kabatini na kutoka na kitabu cha treni. Nikamwambia kisomeo kimepona. Alisimama kidogo, akakirudisha kitabu, akaketi barazani, akapokea kisomeo kwa mikono miwili. Alikishika kichwa chini. Nilianza kunyoosha mkono nimwekee sawa, mama akanikanyaga mguu.

Maneno yakageuka yenyewe, yakasimama mbele ya baba. Akasoma neno la kwanza, la pili, akakwama kwenye la tatu, akalirudia. Mama akauweka ungo chini ili amsikie vizuri.